Sheria Haikutaja Ini

Mgonjwa wa kwanza kuona ukungu alikuwa Mzee Mugeta, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, ndani ya chumba kisichokuwa na ukungu wowote.

"Wewe Fundi," aliita kutoka kiti namba tatu, "nani anachoma takataka huko nje? Moshi wote unaingia humu."

Nyabweke Majura, fundi wa maji wa hospitali, aliinua kichwa kutoka kwenye mabomba yake. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Kupitia kioo aliliona ziwa, la buluu mpaka linapokutana na mbingu.

"Hakuna moshi, Mzee."

"Basi macho yananicheza. Nakuona kama uko nyuma ya pazia."

Mugeta alikuwa dereva mstaafu wa katapila la halmashauri, mtu mwenye mabega mapana hata baada ya figo kumtupa mkono. Kwa miaka minne alikuwa akija hapo mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na katika miaka hiyo hakuwa amelalamikia kitu isipokuwa chumvi kidogo kwenye maharage. Sista Bhoke alimfungia kipima presha mkononi. Kabla hajasoma namba, mama wa kiti namba tano alitapika. Yule wa namba saba akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha Wegoro, binti wa miaka ishirini na sita, mama wa watoto wawili, akasema taratibu, kama anayeona aibu, "Sista, na mimi sioni."

Wagonjwa wanne. Viti vinne, mashine nne tofauti. Nyabweke alihesabu kichwani kitu walichoshirikiana, akapata kimoja tu. Aliruka ndoo iliyokuwa njiani, akaikamata koki kuu kwa mikono yote miwili na kuifunga.

Mashine nane zililia kwa pamoja.

"Umefanya nini?" Sista Bhoke alipiga kelele. "Wana saa moja tu hawa, bado saa tatu!"

"Warudishie damu yao, Sista. Wote. Sasa hivi. Ni maji."

"Maji yana nini? Taa si hiyo?"

Taa kweli ilikuwa hiyo. Juu ya bomba linaloingiza maji hospitalini, taa ndogo iliwaka buluu, tulivu kabisa, kama inavyowaka kwenye kila bomba la mji wa Nyamaguta. Buluu maana yake salama.

Kwa miaka ishirini mji huo ulikuwa umeishi na utando wa kijani juu ya ziwa. Watu waliuita mwani, lakini Nyabweke, ambaye maji ndiyo kazi aliyosomea, alijua kuwa si mwani. Ni bakteria wanaojipikia chakula kwa jua, wakilishwa mbolea na maji machafu yanayomwagwa ziwani, mpaka ghuba nzima inakuwa kama rangi ya kijani iliyomwagika. Ng'ombe waliokunywa walianguka palepale ufukweni. Ndipo Mamlaka ya Ziwa ilipoleta walafi. Ni virusi waliotengenezwa maabara, hawamgusi mtu wala samaki, kazi yao ni moja: kumwingia bakteria huyo, kuzaana ndani yake na kumpasua. Ndege ndogo zisizo na rubani ziliwanyunyiza kila Jumapili. Katika siku tisa ghuba ikawa buluu. Yale maboya ya Mamlaka yaliyoitwa Macho, yanayoelea na kutazama rangi ya maji, yakatuma habari, na taa za mabomba zikageuka. Watu walicheza ngoma barabarani. Nyabweke naye alicheza.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Wiki moja baada ya ngoma, waraka wa Mamlaka ulikuja: hospitali yoyote yenye bomba la taa ya buluu isinunue tena mkaa wa kuchuja sumu, kwa kuwa hakuna sumu ya kuchuja. Mkaa huo ulipaswa kubadilishwa kila mwezi. Nyabweke aliandika barua ya kupinga, akaandika ya pili. Ya tatu hakuiandika, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma wakati akimtazama Sista Bhoke akihangaika kati ya viti. Mtu mzima anakunywa lita mbili tatu kwa siku, tena tumbo lake linachagua cha kuingiza. Mgonjwa wa figo, kila anapokaa kwenye kile kiti, damu yake inakutanishwa na lita mia na ishirini kupitia kichujio chembamba kuliko ganda la kitunguu. Hana wa kumchagulia. Ana fundi wa maji tu.

Mzee Mugeta alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, wakati wa chai. Alikuwa amegeuka manjano, na mwishoni alikuwa akiita majina ya barabara alizozichonga.

*

Kabatini kwa Nyabweke kulikuwa na boksi la vijiti vya zamani vya kupimia sumu ya ini, vilivyobaki tangu enzi za utando. Muda wake ulikuwa umepita kwa mwaka mzima. Alichovya vitatu katika maji ya bomba, na vyote vitatu vikageuka zambarau nzito, rangi ambayo hakuwahi kuiona hata ziwa lilipokuwa kijani kibichi.

Alivipeleka ofisini kwa Dkt. Elikana Ndaki, mganga mkuu. Daktari alivitazama bila kuvigusa, kisha akainuka kufunga mlango.

"Unajua kuna sheria, Nyabweke."

"Naijua."

"Kipimo Kimoja. Maji ya ziwa hili yanapimwa na Mamlaka peke yake. Atakayetoa kipimo kingine, miaka mitano ndani."

"Daktari, kuna maiti kule."

"Nimeiona," alisema Ndaki. "Nimewapigia simu Mamlaka. Mtu wao yuko njiani."

Mtu wao alikuwa mwanamke wa makamo, Bi. Kalunde Misoji, ofisa wa kanda. Alivaa kitenge kilichoshonwa vizuri na kusalimia kila mtu aliyepishana naye, mpaka wafagiaji. Aliketi, akavitazama vijiti vitatu juu ya meza, wala hakujifanya kushangaa. Hapo ndipo Nyabweke alipohisi hasira ya kwanza, ile ya kweli. Huyu mama alikuwa anajua.

"Dada yangu," Kalunde alianza, "pole sana na msiba."

"Sumu inakaa ndani ya bakteria," Nyabweke alimkata. "Akiwa mzima, chujio la kawaida linamkamata yeye na sumu yake. Mnapompasua, sumu inamwagika. Maji yanakuwa meupe na sumu inabaki humo humo, haina rangi wala harufu. Macho yenu yanatazama rangi. Nakosea wapi?"

"Hukosei."

Dkt. Ndaki alikohoa.

"Wabunifu wenyewe waliandika hivyo," Kalunde aliendelea kwa sauti ileile ya upole. "Waliandika kwamba utando ukombwe kwanza, ndipo walafi wamwagwe, kisha maji yakae siku thelathini bila kunywewa, sumu iishe yenyewe. Lakini utando unarudi kila wiki. Tungewapa nini watu laki tatu, tukianza siku thelathini upya kila wiki?"

"Ukweli."

"Ukweli haunywewi. Nikitangaza leo, kesho watoto watachota kwenye mitaro na madimbwi. Kipindupindu kitazoa elfu moja kwa mwezi, unakumbuka mwaka ule. Hii sumu, kwa mtu mwenye figo zake, inaingia kidogo kidogo. Ini linavumilia. Tunatafuta suluhisho. Tumechagua madhara yaliyo madogo."

"Madogo kwa nani?"

Kalunde alifungua mkoba. Alitoa karatasi moja na kuigeuza imtazame Nyabweke. Ilikuwa fupi. Ilisema kuwa siku ya Jumatatu fundi wa maji alisahau kusuuza dawa ya kusafishia mabomba, na dawa hiyo ndiyo iliyowadhuru wagonjwa wanane na kumuua mmoja. Chini kulikuwa na mstari wa jina lake.

"Ukisaini," alisema, "kesho saa moja asubuhi kuna mkaa mpya hapa, na kila mwezi utakuja. Kimyakimya. Wagonjwa wako wataishi."

"Na nisiposaini?"

"Maji hayana tatizo, kwa hiyo hakuna mkaa. Kitengo kitafungwa kwa uchunguzi wa uzembe." Aliangalia saa yake. "Wana siku ngapi, hawa waliobaki? Ishirini na mmoja, nimeambiwa."

Nyabweke alijua jibu. Wengi walisafishwa mara ya mwisho Ijumaa, na wale saba wa Jumatatu walipata saa moja tu, tena saa ya sumu. Kufikia Alhamisi mioyo ingeanza kusimama. Kituo kingine cha karibu kilikuwa mwendo wa saa sita, na viti vyake vilikuwa vimejaa.

"Nipe saa moja," alisema.

*

Wagonjwa walikuwa wamelala wodini, miguu imevimba, pumzi fupi fupi. Nyabweke hakuwa na nguvu ya kuwakusanya wote. Aliketi kitandani kwa Mama Nabise, aliyeuza dagaa sokoni kwa miaka thelathini na kuwajua watu wote wa mji kwa majina na kwa tabia. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Wegoro. Macho yake yalikuwa yamerudi, lakini alikuwa bado anapepesa kama aliyetoka gizani.

Aliwaeleza yote, hakuficha hata vile vijiti.

"Saini," Wegoro alisema kabla hajamaliza. "Fundi, nakuomba. Mwanangu mdogo ana miezi kumi na moja. Saini tu."

Mama Nabise alijiinua kwa kiwiko. Kisha akasema, "Huyo mtoto ananyweshwa maji gani?"

Wegoro aligeukia ukutani.

"Mimi sikulaumu wewe binti," Mama Nabise alisema. "Na mimi naogopa kufa, usinione nabwata hapa. Lakini hawa watu wametushika pabaya. Wametukamata sisi tusiojiweza ili watumalizie watoto. Yaani mimi nipone kwa sharti kwamba wajukuu zangu saba waendelee kunywa?" Alivuta pumzi, kifua kikakoroma. "Mwanangu Nyabweke, hiyo karatasi ikishasainiwa, ukisema neno lolote nani atakuamini? Watasema huyu si yule aliyeua mtu kwa uzembe?"

"Hakuna atakayeniamini, Mama."

"Basi tafuta kitu kitakachosema badala yako," Mama Nabise alisema. "Lakini kwanza tupate huo mkaa, maana nikifa leo sitakusaidia."

Nyabweke alirudi ofisini akasaini. Kalunde alikunja karatasi mara mbili, akasema, "Umefanya jambo la hekima, dada," na Nyabweke akatamani kumtemea mate.

Mkaa ulifika Jumatano saa moja kasorobo, magunia sita yasiyo na maandishi. Aliujaza tangini kwa mikono yake mwenyewe, akasuuza, akachovya kijiti. Kilibaki cheupe. Saa tatu viti vinane vilikuwa vimejaa, na hakuna aliyeona ukungu.

Alisimama karibu na mlango akiwasikiliza wakianza kuongea, kama watu wanaoongea njaa inapopungua. Ukutani, ndani ya fremu, Mamlaka ilikuwa imebandika sheria yake ili watumishi wote waione. Alikuwa amepita mbele yake mara elfu. Sasa aliisoma neno kwa neno. Ni marufuku kwa mtu au taasisi yoyote kupima, kutangaza au kusambaza kipimo cha maji ya ziwa, ya mto, ya bomba au ya kisima.

Aliisoma tena. Ziwa, mto, bomba, kisima. Kisha akavua aproni.

Dkt. Ndaki alikuwa anakunywa chai ya maziwa ya unga. Nyabweke alikitoa kikombe mbele yake na kumwaga chai yote dirishani.

"Sheria inakataza maji," alisema. "Haikutaja ini. Mzee Mugeta bado yuko mochwari, na ile sumu imeng'ang'ania humo ndani ya ini lake. Kuna chuo ng'ambo ya mpaka kinachoweza kuipima. Kata kipande, Daktari."

Ndaki alikuwa na watoto wanne, wote walikunywa maji ya bomba. "Siwezi kumgusa maiti bila ridhaa ya mwenye maiti."

"Ukiletewa ridhaa?"

"Ikiletwa," alisema, "nitakata."

*

Msibani kulikuwa na watu wengi, kwa kuwa Mugeta alikuwa amechonga nusu ya barabara za wilaya. Wanaume walikaa chini ya turubai. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakipika, na sufuria mbili kubwa za chai zilikuwa zikichemka. Karibu na bomba, taa ya buluu ikiwaka juu ya vichwa vyao, watoto walikuwa wakirushiana maji na kuyanywa kwa viganja.

Mjane, Bi. Nyangeta, ambaye wote walimwita Mama Webiro kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa ameketi mkekani sebuleni. Nyabweke alipoingia na kupiga magoti, minong'ono ilikatika.

"Una moyo wewe," mtu mmoja alisema.

"Mwacheni," mjane alisema. Hakuwa analia. "Fundi, jana jioni walikuja kunisomea karatasi. Walisema ulisahau kusuuza dawa kwenye mabomba. Walisema umekiri."

"Nimesaini hivyo, Mama Webiro. Ni uongo."

"Ulisaini uongo kwa nini?"

"Ili wanipe mkaa wa kuchujia, wenzake ishirini na mmoja wasife. Kilichomuua ni maji ya bomba. Walafi wamepasua utando na sumu imebaki kwenye maji. Mamlaka wanajua. Walijua tangu mwanzo."

Mzee Kubyo, kaka wa marehemu, alitokea mlangoni akiwa bado na kofia mkononi.

"Kwa hiyo," mjane alisema polepole, "umekichukua kifo cha mume wangu ukakifanyia biashara."

"Ndiyo."

"Na sasa umekuja kuomba msamaha."

"Hapana. Nimekuja kuomba kipande cha ini lake."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabarani. Kubyo alimshika Nyabweke bega na kumwinua mzimamzima. "Toka! Ndugu yangu hatazikwa pungufu! Umemuua, na sasa unataka kumchinja?" Wanawake wawili walimpiga mgongoni kwa kanga zilizokunjwa. Nyabweke hakujikinga. Alimtazama mjane tu.

"Subiri, shemeji," mjane alisema. Akainuka kwa shida, magoti yakilia. "Wewe Fundi. Mimi nimekunywa maji haya miezi mitatu?"

"Umekunywa."

"Na Webiro?"

"Na yeye."

"Webiro ana kichanga cha miezi minne. Mama yake hana maziwa ya kutosha, tunamkorogea ya kopo. Tunachemsha maji, tunayaacha yachemke sana."

"Kuchemsha hakuiondoi, Mama," Nyabweke alisema. "Maji yanapungua. Sumu inabaki palepale."

Mjane alitoka nje. Watu walimpisha. Alikwenda moja kwa moja hadi jikoni, akashika mpini wa fagio, akausukuma kwenye ukingo wa sufuria ya kwanza kwa uzito wake wote. Chai ikamwagika, ikazima moto, mvuke ukapanda. Akaisukuma ya pili. Hakuna aliyemzuia. Kisha akawafuata wale watoto bombani, akawafukuza mmoja mmoja kwa fagio hilohilo mpaka pakawa peupe.

"Shemeji," alimwambia Kubyo, akihema, "pungufu walishamfanya Jumatatu. Wamemkausha kama mdudu na kuniletea karatasi. Mimi ndiye niliyelala naye miaka thelathini na nane, na ini lake ni langu. Leteni kalamu."

Aliandika jina lake kamili kwa herufi kubwa. Saa nane mchana Dkt. Ndaki alikata. Saa tisa kasoro kipande hicho, ndani ya chupa yenye barafu, kiliruka kwa ndege ya vifurushi kuelekea ng'ambo ya mpaka. Saa tisa na nusu polisi wawili walimkamata Nyabweke kwa kosa la kuzua taharuki.

*

Nyabweke alikaa mahabusu siku tatu. Alichokijua kuhusu siku hizo alikipata baadaye kwa Sista Bhoke, aliyekisimulia kila alipopata wa kumsikiliza.

Jioni ileile ya Jumatano, Kalunde alikuja na gari na vijana wanne kuuchukua mkaa. Makubaliano yamevunjwa, alisema, na tangi lifunguliwe. Sista Bhoke alimwonyesha kanuni ya usalama, ya Mamlaka yenyewe: mfumo wa maji haufunguliwi wakati mgonjwa yuko kwenye mashine. Kwenye mashine alikuwepo Mama Nabise.

"Nitasubiri amalize," Kalunde alisema.

"Karibu kiti," Sista alimjibu.

Mama Nabise alipobakiza dakika kumi, Wegoro aliunganishwa kwenye mashine ya pili. Alipobakiza dakika kumi yeye, akaingia mwalimu mmoja wa hesabu, kisha fundi cherehani, kisha mama wa kiti namba tano. Saa nne nne, mtu mmoja mmoja, usiku na mchana, ili wasiishe haraka. Hawakuwa wameitisha kikao. Kila mmoja alimwambia anayefuata, na anayefuata alikuwa tayari ameketi mlangoni na blanketi lake. Vijana wanne walichoka wakaenda kula. Siku ya pili hawakurudi. Kalunde alibaki peke yake kwenye benchi, akipiga simu, na kila alipoinua macho alikuta mgonjwa mwingine akimtazama.

"Mnajua ninaweza kuwakatia umeme?" alimwuliza Mama Nabise alipomwona anapita na fimbo yake.

"Kata," Mama Nabise alisema. "Damu yetu ikigandia humo ndani, utaelezaje?"

Jumamosi saa nne asubuhi majibu yalisomwa kwenye redio ya ng'ambo ya mpaka, inayosikika ghuba nzima. Sumu katika ini la Mugeta ilitajwa kwa kiasi chake na kwa jina lake, na mtangazaji akairudia mara mbili. Kule mahabusu, askari wa zamu aliyekuwa akimletea Nyabweke maji asiyoyanywa alichukua jagi, akatoka nalo, na alisikika akilitupa ukutani. Saa sita mchana taa za mabomba zilizimwa mji mzima, na malori ya maji yakaanza kuingia.

Mamlaka ilitoa tamko. Ilisema kumekuwa na "hitilafu ya muda ya kipimo." Bi. Kalunde alihamishiwa makao makuu, kwenye cheo cha juu zaidi. Sheria ya Kipimo Kimoja iliendelea kuning'inia ukutani, ndani ya fremu yake.

Jumanne iliyofuata, Nyabweke alisimama kwenye foleni katika uwanja wa mpira. Madaktari kutoka nje walikuwa wamepanga meza kumi na sita, na mji mzima ulikuwa umekuja kupimwa ini: wachuuzi, mapadri, wanafunzi na sare zao, wanawake wenye mimba waliopewa viti. Jua lilikuwa kali. Huku na kule aliona macho ya manjano, na kila alipoyaona aliyahesabu, kisha akajikataza kuhesabu, kisha akahesabu tena.

Mbele yake alikuwa mjane wa Mugeta, amembeba mjukuu. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile. Sindano ilipomwingia, kichanga kililia kwa sauti kubwa yenye nguvu, na muuguzi akasema hiyo ni dalili nzuri. Mama Webiro alisogea pembeni kumpisha Nyabweke, lakini hakuondoka. Alibaki hapo hapo, akimbembeleza mtoto.

Nyabweke alikunja mkono wa blauzi. Muuguzi, binti mgeni mwenye lafudhi ya mbali, alivuta fomu.

"Umetumia maji ya bomba kwa muda gani?"

"Miezi mitatu na wiki mbili."

"Uliambiwa ni salama?"

"Niliambiwa."

"Nani alikuambia?"

Nyabweke aliinama kuitazama ile fomu. Kulikuwa na nafasi ya mstari mmoja, isiyozidi urefu wa kidole.

"Hapo hapatoshi," alisema. "Nipe karatasi nzima."